Namba 2,500: Sheria ya Kodi Iliyoachwa Izeeke Eastlands

Wasee wa Eastlands, kuna namba moja nataka muibebe kichwani leo: 2,500. Shilingi elfu mbili na mia tano. Si bei ya viatu vya Gikomba, na si deni la Fuliza. Ni mstari uliochorwa na sheria ya Kenya katikati ya wapangaji. Kama kodi yako iko chini ya huo mstari, mwenye nyumba hana ruhusa ya kukutoa bila amri ya jopo la serikali, na akikutoa kwa nguvu yeye ndiye anafanya kosa la jinai. Kama kodi yako iko juu ya huo mstari, sheria hiyo haikujui kabisa.

Sasa jiulize: keja yako ni ngapi kwa mwezi? Kama uko kwa bedsita ya Umoja, Kayole ama Pipeline, jibu tunalijua. Uko juu. Uko nje.

Na huo mstari haukuchorwa kutuweka nje. Wakati unachorwa, 2,500 zilikuwa pesa nzito, na nyumba nyingi za mtu wa kawaida zilikuwa ndani. Hakuna bunge lililokaa siku moja likaamua kutunyang'anya hiyo haki. Walichofanya ni rahisi zaidi: waliiacha namba palepale kwa zaidi ya miaka 40, bei ya vitu ikafanya kazi iliyobaki.

Leo tusome historia kidogo. Usikimbie, hii historia iko na pesa zako ndani.

Mji ulitaka mikono yako, si kitanda chako

Nairobi ya wakoloni haikukupanga wewe kama mkazi. Ilikupanga kama mfanyakazi. Ukiwa na kibarua na kipande shingoni unaruhusiwa kuwa mjini. Kibarua kikiisha, rudi reserve. Kwa hivyo nyumba ya Mwafrika haikuhesabiwa kama nyumba. Ilihesabiwa kama mahali pa kuweka nguvu za kazi usiku mpaka asubuhi.

Lakini watu walijenga hata hivyo. Kabla ya Pumwani kulikuwa na vijiji kama Pangani, Mji wa Mombasa, Maskini na Kaburini, ambapo watu walikuwa na nyumba zao na walipangisha vyumba. Wenye nyumba wengi walikuwa wanawake waliotafuta pesa zao wenyewe, na Waislamu wa mjini waliokuwa na lugha hii tunayoandika sasa. Pumwani ilipofunguliwa mwaka 1922 kama mtaa rasmi wa Waafrika, mpango ulikuwa kuwakusanya wote mahali pamoja. Ardhi ilikuwa ya jiji, lakini nyumba ulijenga wewe. Majengo ikazaliwa hivyo, chumba kwa chumba, mpangaji kwa mpangaji.

Pangani iligoma kufa mpaka mwisho wa miaka ya 1930. Ilipobomolewa, watu walipelekwa Shauri Moyo, nyumba za baraza la mji. Angalia hapo vizuri. Mtu alikuwa mwenye nyumba Pangani, akalala mpangaji wa serikali Shauri Moyo. Hakubadilisha mtaa tu, alibadilishwa cheo. Jana anakusanya kodi, leo anadaiwa.

Baada ya hapo jiji likaendelea kujenga: Kaloleni kwenye miaka ya 1940, halafu mitaa ya miaka ya 1950 kama Bahati, Mbotela na Ofafa. Reli nayo ilikuwa na nyumba zake Makongeni. Mengi ya majina hayo tunayataja kila siku kwa mathree bila kufikiria. Tom Mbotela aliuawa mwaka 1952. Ambrose Ofafa, diwani, aliuawa mwaka 1953. Mitaa yetu mingine ina majina ya watu waliokufa kwenye vita vya kuamua mji huu ni wa nani.

Na mpangaji wa wakati huo alikuwa na usalama gani? Hakuna. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi lilizingira Nairobi kwa Operesheni Anvil. Maelfu kwa maelfu ya watu, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, walipakiwa kwa malori, wengine wakaishia kambi za Manyani na Mackinnon Road. Walioishi kwa nyumba ya jiji ama ya mwajiri hawakuwa na karatasi ya kumwonyesha askari ikisema "hapa ni kwangu." Kukaa Eastlands kulikuwa ruhusa. Haki ilikuwa kitu kingine.

Ile laini ya "nyumba" kwa karatasi yako ya mshahara

Kabla hatujafika kwa kodi, tupitie kwa mshahara, kwa sababu hizi hadithi mbili ni ndugu.

Kama nyumba ni jukumu la mwajiri, basi mwajiri asiyekupa nyumba anafaa akupe pesa ya kulipia nyumba. Hilo wazo halikuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 1939 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, na pesa ya nyumba ilikuwa kati ya madai yao. Hapa kwetu, Aprili 1950, Makhan Singh alisimama kwenye ukumbi wa Kaloleni akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Wiki chache baadaye yeye na Fred Kubai walikamatwa, na Nairobi ikagoma kwa takriban siku tisa. Moyo wa mgomo ulikuwa huku Eastlands, Shauri Moyo ikiwa mbele. Watu walitaka mshahara wa chini wa shilingi 100 kwa mwezi.

Mgomo ulivunjwa. Lakini mwaka 1954 kamati ya serikali, ile inaitwa Kamati ya Carpenter, ilikubali jambo ambalo wafanyakazi walikuwa wanalia nalo: mshahara wa mjini ulikuwa umepimwa kwa mwanamume mmoja asiye na mke wala mtoto. Kamati ikapendekeza mshahara upimwe kwa mtu mwenye familia, na juu yake kuwe na pesa ya nyumba.

Hiyo ndiyo asili ya marupurupu ya nyumba. Leo yako kwenye kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Mwajiri lazima akupe nyumba inayofaa, ama akuongezee pesa ya kutosha kulipia nyumba. Njia anayoweza kupita ni mkataba unaosema wazi kwamba mshahara wako tayari umejumuisha pesa ya nyumba ndani yake, ama makubaliano ya chama cha wafanyakazi yanayosema hivyo.

Kwa wale wanalipwa mshahara wa chini kabisa, chukua hii: kwenye agizo la jumla la mishahara, ile namba inayotangazwa na serikali siku ya Leba Dei huwa haina pesa ya nyumba. Asilimia 15 huongezwa juu yake. Kwa hivyo mlinzi, mfagiaji ama kijana wa duka anayelipwa namba ileile ya serikali bila kitu juu, na bila nyumba, anapunjwa. Kila mwezi. Toa karatasi yako ya mshahara uangalie. Nitangoja.

Wanawake wa Glasgow na sheria iliyofika Nairobi

Sasa turudi kwa kodi. Wazo kwamba serikali inaweza kumwambia mwenye nyumba "hapo tosha" lilitoka wapi?

Kwetu lilifika kupitia Uingereza, lakini hata huko halikutolewa na wakubwa kwa roho safi. Mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, watu walimiminika mji wa Glasgow kufanya kazi ya meli na silaha. Wenye nyumba wakaona mavuno, wakapandisha kodi. Waume wengi wako vitani, kwa hivyo wanawake ndio walisimama. Mmoja wa viongozi alikuwa Mary Barbour. Walikataa kulipa nyongeza, na maofisa wakija kumtoa mtu kwa nyumba, mtaa mzima unajaa mlangoni. Wafanyakazi wa viwanda wakaunga mkono. Kabla mwaka haujaisha, bunge la London likapitisha sheria ya kurudisha kodi kwa kiwango cha Agosti 1914, vita vilipoanza.

Shika hiyo mbinu: sheria inachagua tarehe, inasema kodi ya siku hiyo ndiyo msingi. Tutaiona tena.

Kenya ya kikoloni ilichukua sheria za aina hiyo kwenye miaka ya 1940, na mwaka 1959 ikaja ile tuliyo nayo mpaka leo: Rent Restriction Act, Sura ya 296. Tuwe wakweli, hiyo sheria haikutungwa ikimfikiria mtu wa Shauri Moyo. Nyumba unazopewa kwa sababu ya kazi ziliachwa nje, na Waafrika wengi wa Eastlands walikuwa kwa nyumba za mwajiri ama za baraza la jiji. Lakini uhuru ulipofika, sheria ilibaki, na sasa ilikuwa ya kila mtu anayepanga kwa mtu binafsi.

Inasema nini? Nikiifupisha kwa lugha ya mtaa:

Moja, nyumba ina kodi yake ya msingi, na mwenye nyumba hapandishi akiamka vibaya. Kuna utaratibu, na kuna Rent Restriction Tribunal ya kuamua.

Mbili, hutolewi kwa nyumba bila amri ya hilo jopo. Hata kama una deni. Deni ni sababu ya yeye kwenda kwa jopo. Halimpi ruhusa ya kuja na kufuli.

Tatu, kukusumbua makusudi ili uhame ama ulipe zaidi ni kosa la jinai. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Anakata maji. Anang'oa mlango. Anatoa mabati juu ya kitanda chako msimu wa mvua. Sheria ilimwona mtu huyo mapema.

Nne, haruhusiwi kukudai pesa ya pembeni, juu ya kodi, ndiyo akupe nyumba ama akuache uendelee kukaa.

Soma tena hizo nne, halafu niambie ni mara ngapi umeona zikivunjwa mchana, mbele ya watu, na hakuna mtu ameita polisi.

Mwenye nyumba anakuwa jirani

Kwenye miaka ya 1970 Eastlands ilibadilika tena. Jiji halikuweza kujengea kila mtu, kwa hivyo likaja na mpango mwingine: tutakupa njia, jenga mwenyewe. Dandora ilianza hivyo kwa mkopo wa Benki ya Dunia, makubaliano ya mwaka 1975. Ulipewa ploti, maji na choo, halafu unajenga vyumba polepole. Umoja ilikuja na pesa za Marekani kupitia USAID. Buruburu ikajengwa kwa awamu kwa watu wa mshahara, nyumba ya kununua kwa mkopo wa miaka mingi.

Mpango wa Dandora ulikuwa na hesabu moja ya ndani: utalipaje mkopo? Utapangisha vyumba. Kwa hivyo mtu aliyepewa ploti kama maskini akawa mwenye nyumba wa maskini mwenzake. Umoja nayo, zile nyumba za chini zikaanza kubebeshwa ghorofa, mpaka leo jua la asubuhi unaliona kwa picha tu.

Hii ilibadilisha maana ya mpangaji. Babu alikuwa mpangaji wa baraza la jiji. Wewe ni mpangaji wa mtu. Huyo mtu naye ana mkopo, ana karo, ana watoto wanaongoja kodi ya tarehe tano. Hamna afisi katikati yenu. Kuna msimamizi wa ploti, kuna kufuli, na kuna wewe.

Yaani siku zile sheria ya kodi ilikuwa inahitajika zaidi, ndizo siku ilianza kuzeeka.

Tarehe 1 Januari 1981

Ndiyo hii. Sheria yetu, kwa ile mbinu ya Glasgow, inachukua 1 Januari 1981 kama tarehe ya msingi. Kodi ya nyumba iliyokuwa imepangishwa siku hiyo ndiyo kodi yake ya msingi. Na kiwango cha juu kabisa cha nyumba zinazolindwa kikawekwa: shilingi 2,500 kwa mwezi.

Mwaka 1981, dola moja ya Marekani ilikuwa chini ya shilingi 11. Piga hesabu: 2,500 zilikuwa zaidi ya dola 220. Hiyo ilikuwa nyumba ya heshima, sebule na vyumba. Siku hizi dola imekaa karibu shilingi 129. Zilezile 2,500 ni kama dola 19.

Namba ni ileile, na karatasi ni ileile. Uzito wake ndio ulienda.

Wataalamu wanaita hii mfumuko wa bei. Mimi naiita mwizi asiyevunja mlango. Na hapa ndipo sheria inakuwa somo la pesa zako binafsi: namba yoyote isiyosogea inaliwa. Ulilipa dipoziti ya 10,000 mwaka 2015, ukarudishiwa 10,000 leo bila hata senti ya riba, hujarudishiwa ulichotoa. Umemkopesha mwenye nyumba miaka yote hiyo bure kabisa. Pesa za chama zilizokaa kwa sanduku la mweka hazina, hivyo hivyo. Shilingi ukiiacha imekaa, inakonda.

Bunge linajua haya. Miswada ya kuandika upya sheria za mpangaji na mwenye nyumba imekuja na kwenda. Ule wa mwaka 2021 ulitaka kuunganisha sheria hizi za zamani kuwa moja. Watu walibishana kwa magazeti, wenye nyumba wakalalamika, wapangaji wakashangilia, na mwisho haukuwa sheria. Tukarudi kwa 2,500.

Kwa hivyo leo sheria ya 1959 inamlinda nani? Inamlinda mama wa chumba cha mabati Mukuru, Korogocho ama Mathare, ambaye bado analipa 2,000 ama 2,500. Imeshuka ngazi mpaka chini kabisa, ikabaki na wale ambao hakuna mtu amewahi kuwaambia kwamba iko. Hao ndio wanaong'olewa milango zaidi. Hilo ndilo linaniuma kuliko yote. Aliye juu ya mstari ameipoteza haki, na aliye chini anayo lakini hajui.

Duka la chini lina haki kuliko wewe wa juu

Kama unadhani haiwezekani kutunga sheria isiyozeeka, shuka ngazi ya ploti yako uangalie duka la chini.

Mwaka 1965 Kenya ilipitisha sheria nyingine, Sura ya 301, ya maduka, hoteli na mahali pa kuuza chakula. Kama hakuna mkataba wa maandishi, ama mkataba ni wa miaka mitano ama chini, mpangaji wa duka analindwa. Mwenye nyumba akitaka kumtoa ama kupandisha kodi lazima ampe notisi kwa fomu maalum, ya miezi miwili ama zaidi. Mpangaji akikataa, kesi inaenda kwa Business Premises Rent Tribunal, na notisi inangoja uamuzi.

Unaona kinachokosekana hapo? Hakuna 2,500. Hakuna namba ya kodi kabisa. Duka la 3,000 na la 60,000 yote yako ndani. Kwa sababu hawakuandika namba, hakuna kitu cha kuliwa na mfumuko wa bei.

Kwa hivyo kinyozi wa pale chini, mwenye hoteli ya chapati na dada wa saluni wana miezi miwili na jopo. Wewe unayelala juu yao na mtoto, kwa kodi ya 9,000, huna. Ploti moja, mwenye nyumba mmoja, sheria mbili. Kama una biashara kwa chumba cha mtu, hii ya 1965 ni yako, itumie.

Sasa wewe wa juu ya mstari ufanye nini?

Hujaachwa uchi kabisa. Mimi si wakili, mimi ni mtu wa mtaa anayesoma, lakini haya yako wazi kwa sheria:

Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema kama unalipa kwa mwezi, notisi ya kuvunja upangaji isiwe chini ya mwezi mmoja. Inakubana wewe na inambana yeye. Kuhama usiku na kuambiwa uhame kesho, zote mbili ni makosa.

Sheria hiyo hiyo inaweka ahadi ndani ya kila upangaji hata kama hakuna mtu aliiandika: ukilipa kodi yako na kutimiza masharti, una haki ya kukaa kwa utulivu. Na kama umepanga sehemu tu ya jengo, paa, kuta za nje na mitaro mikuu ni kazi ya mwenye nyumba. Paa ikivuja, usikubali kuambiwa "hiyo ni yako."

Vitu vyako vya nyumba havishikwi na msimamizi wa ploti na vijana wawili. Kushika mali kwa sababu ya kodi kuna sheria yake, Sura ya 293, na anayefanya hiyo kazi ni dalali mwenye leseni. Mwambie akuonyeshe hiyo leseni na barua ya kazi. Hata yeye kuna vitu haruhusiwi kugusa, kama nguo zako za kuvaa na matandiko.

Dipoziti ni pesa yako iliyoshikwa na mtu mwingine. Siku ya kuingia piga picha ya kila ukuta, sinki na soketi, tuma kwa WhatsApp ya mwenye nyumba ili ibaki na tarehe. Lipa kodi kwa njia inayoacha alama. Ule ujumbe wa M-Pesa ni risiti, usiufute kupunguza nafasi kwa simu. Ukilipa mkononi, dai karatasi. Notisi ya kuhama iandike, hata kama ni mistari miwili, usiseme tu kwa mdomo ukipita ngazini.

Mtu akikataa na pesa zako, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka 2021. Inasikiza madai ya mpaka shilingi milioni moja, inafaa kumaliza kesi kwa siku 60, na unaweza kujisimamia bila wakili. Madai ya pesa iliyoshikwa na mtu yametajwa kwa hiyo sheria. Ugomvi wa nani akae kwa nyumba hauendi huko.

Na usiende peke yako kama unaogopa. Kituo Cha Sheria kimesaidia watu wasio na pesa ya wakili tangu 1973. Huku mitaani kuna vituo vya haki za kijamii kama kile cha Mathare. Ingia, uliza, si aibu.

Na mwenye nyumba je?

Najua wengine mmeanza kuandika: "Na wapangaji wakora wanaohama na miezi mitatu?" Wapo. Tunawajua kwa majina. Na wenye nyumba wengi wa Dandora na Kayole si matajiri. Ni wazee waliojenga chumba kimoja kimoja kwa miaka 20, na hiyo kodi ndiyo dawa yao ya presha.

Lakini sheria haimnyimi njia. Inampa notisi, inampa jopo ama mahakama, inampa dalali. Kinachokatazwa ni kuwa hakimu, askari na dalali kwa wakati mmoja. Kama njia hizo ni za polepole na za gharama, basi mwenye nyumba na mpangaji wana malalamiko sawa, na wote wawili wanafaa kuyapeleka mlango mmoja: Bunge. Sheria mpya ya haki itamlinda mzee wa Kayole dhidi ya mkora, na itamlinda mama wa Mukuru dhidi ya kufuli. Ya sasa haimsaidii yeyote vizuri.

Wanawake wa Glasgow walikuwa na maofisa mlangoni. Watu wa Kaloleni na Shauri Moyo mwaka 1950 walikuwa na polisi mbele yao. Haki zote nilizotaja leo, kuanzia marupurupu ya nyumba mpaka notisi ya mwezi, kuna watu walisimama mahali ndiyo ziandikwe. Zikishaandikwa, zinahitaji watu wengine wa kuzisogeza, la sivyo zinakaa kwa karatasi zikikonda kama shilingi.

Mwakani tunapiga kura ama mwaka unaofuata, wagombea watakuja kwa uwanja wa mtaa wako na spika kubwa. Watakupa kofia na unga. Wewe waulize swali moja tu: 2,500 mtaisogeza lini? Asiyejua unauliza nini, mwambie akasome Sura ya 296 kwanza.

Na kama una jirani anayelipa 2,000 kwa chumba cha mabati, usimtumie hii ukimwachia asome peke yake. Mketi naye, umsomee. Yeye ndiye hii sheria bado inamjua kwa jina.

Niambieni hapo chini: uko mtaa gani, na mara ya mwisho kodi yako ilipopandishwa, ulipewa notisi ya maandishi ama ulisikia kwa msimamizi ukianika nguo?